Badili Mkono

Saa tatu kasorobo Vilaphon anashusha kizuizi.
Si kizuizi cha maana: bomba la chuma, rangi nyekundu imebanduka,
na kwenye kitako chake tofali limefungwa kwa waya
ili kisimvunje mgongo wakati wa kukiinua.
Malori yanasimama. La mihogo, la saruji,
moja la barafu, linadondoka mali yake lamini.
Pikipiki zinajipenyeza hadi mbele,
maana pikipiki ni pikipiki popote.

Kisha kimya. Na reli,
zinazokanyagwa na matairi kutwa nzima,
zilizolala katikati ya lami kama mshono wa suruali,
zinaanza kutetema.

Treni ina mabehewa mawili tu.
Inavuka kwa mwendo wa mtu aliyebeba bakuli la supu.

Ndivyo lilivyo daraja hili: barabara na reli kitanda kimoja,
mmoja akijigeuza, mwenzake abane ubavu.
Chini, Mekong rangi ya chai ya maziwa
inapita bila kuonyesha karatasi.

Ng'ambo wanaendesha kushoto. Huku, kulia.
Kwa hiyo daraja linapoishia, kabla ya madirisha ya mihuri,
magari hupishana mkasi, taa ikiruhusu,
wa huku aende kule, wa kule aje huku,
na bango linasema: BADILI MKONO.
Kazi ya pili ya Vilaphon ni kuwapigia kelele waliosahau.

Kulia. Neno zito.
Mkono wa kulia wali wa kunata,
upande wa kulia wa barabara,
na kulia kwenyewe,
ambako hakuna aliyewahi kuweka taa.

Mama yake mkubwa, Buakham, alivuka kabla ya daraja.
Usiku. Mwaka wenyewe hautajwi kwa tarakimu, husemwa tu *ule mwaka*.
Alikumbatia mpira wa ndani wa tairi la lori,
nguo kazifunga kichwani,
akamwambia mdogo wake: ngoja, mpira huu haubebi wawili.

Ungebeba.
Onchan alikuwa na miaka kumi na miwili, mwepesi kama ungo.
Buakham analijua hilo. Onchan analijua.
Onchan ndiye aliyemzaa Vilaphon.

Miaka arobaini na ushei wameonana moshi tu:
jioni huyu huwasha mkaa kule, yule huwasha huku,
mto katikati, hakuna anayepunga.
Siku daraja lilipofunguliwa bendi ilipiga, Onchan akapika, akangoja.
Ikaja katoni ya sabuni, imeletwa na dereva asiyejua kitu.
Kila mwaka mpya, katoni.
Mama, alisema Vilaphon akiwa mdogo,
tuna sabuni ya kunawa mikono hadi kiyama.
Alipigwa kofi, na hakujua kwa nini.

Leo, behewa la pili, dirisha la tatu:
kikongwe kakaa wima kama mtu wa kupigwa picha.
Vilaphon hajawahi kumwona. Anayemwona ni sikio,
sikio la mama yake, ndewe ile ile iliyokunjwa,
likipita polepole juu ya maji.
Magotini, katoni mbili.

Treni imekwisha pita. Kizuizi kiko chini.
Honi. Lori la barafu linalia kwa pande zote mbili.
Dada! Umelala?

Ameweka simu begani.
Mama, anasema, kuna mgeni.
Najua.
Nani kakwambia?

Nyuma ya sauti unasikika mchele, maji yakimwagwa,
mchele unaolowekwa usiku kucha ndipo upikwe.

Nimeloweka wa watu watatu, anasema Onchan.
Jana jioni kule hakukuwa na moshi.