Chupa ya Thelathini na Moja

Husemwa: mgeni njoo, mwenyeji apone.
Mimi nikija, mwenyeji hushika kiuno,
hufunga mlango wa stoo kwa kisigino,
na kutabasamu kama aliyeumwa jino.

Naingia kwa Tsiuri saa nne asubuhi,
kichochoro cha nyuma ya soko, Kutaisi,
mvua ya Machi ikinyesha kama inayoiba.
Meza saba. Chungu cha maharage kinatokota,
giligilani, vitunguu, jozi zilizotwangwa,
harufu inayonivuta kwa kola ya koti.
Lakini kazini sili. Hata ukoko wa mkate sili.

Jokofu: nyuzi nne. Sawa.
Nachoma paja la kuku kwa kipimajoto
hadi mfupani: sabini na nane. Sawa.
Sinki la kunawia: sabuni ipo, maji ya moto yapo,
taulo ni moja, ya kitambaa, imechoka kunishinda.
Naandika: taulo.
Mbao za kukatia, ya nyama na ya mboga,
zimelala ubavu kwa ubavu kama maharusi.
Naandika: zitengwe.
Kijana wa sahani, Jumber, ana jeraha kidoleni,
kalifunga kwa plasta yenye picha za dubu.
Glavu, namwambia. Ndiyo, bwana mkubwa.
Kibali kiko ukutani, kimelowa mafuta,
kimebakiza wiki tatu za uhai.

“Na chini ya ngazi?”
“Ufagio,” asema Tsiuri.

Ufagio upo, kweli. Na nyuma ya ufagio
chupa thelathini na moja za nyanya na pilipili,
vifuniko vya bati, na juu ya kila kifuniko
neno moja la penseli: Agosti.

“Za nani?”
“Za mama.”
“Mama ana kibali?”
“Mama,” asema, akipangusa mikono iliyo mikavu,
“tulimzika Novemba.”

Sheria naijua kama jina la mwanangu:
kilichofungwa nyumbani hakiuzwi mezani.
Naijua na kwa njia nyingine.
Binamu yangu Zurab, chupa kama hizi, harusi ya jirani.
Nyanya hazikunuka. Hazikubadilika rangi. Zilikuwa tamu.
Kesho yake aliona mishumaa miwili penye mmoja,
kope zikamshuka kama milango ya maduka jioni,
akalishwa hewa kwa mpira siku arobaini.
Sumu ile haina adabu ya kubisha hodi.

Simwambii hayo. Namsomea kifungu, namba, faini.
Anasikiliza kama mtu asomewaye wosia wa mwingine.

Nikavua koti. Jumber akafungua,
mimi nikamwaga kwenye pipa la klorini,
Tsiuri akahesabu kwa sauti
kama mwalimu wa darasa la kwanza.
Kiangazi chote cha mwanamke mmoja kikashuka pale:
kuamka kabla ya jua, kumenya, kukoroga,
kukemea wajukuu wasiguse sufuria.

Kwenye ya mwisho mkono wake ulitangulia wangu.
“Hii haitafunguliwa,” akasema.
Hakulia. Ilikuwa sauti ya muuzaji
aliyekwisha kukutajia bei ya mwisho.

Nikatazama fomu. Ina kisanduku cha idadi,
haina kisanduku cha mama.
Nikaandika: thelathini.

Kibali kipya kilitoka Aprili, na muhuri wa buluu.
Kimetiwa fremu. Juu yake, karibu na dari,
chupa ile imezungushiwa utepe mara tatu,
na wateja hudhani ni pambo.

Nimerudi mara nne. Jokofu, mbao, taulo,
sasa ni za karatasi. Mwishoni huomba ngazi.
Napanda, nagusa kifuniko kwa kidole gumba
kama apimaye homa kwenye paji la mtoto.
Bado bapa, namwambia. Naye hupumua.

Leo kimeinuka.
Kidogo tu, unene wa ukucha.
Nimesimama huku juu, karibu na taa,
na Tsiuri yuko chini, ameishika ngazi,
anangoja niseme.