Kupinda

Msonobari huu Vinko aliuchimbua milima ya Karavanke,
mwezi wa tano, kibali cha bwana misitu mfukoni,
kwenye ufa wa chokaa usiotosha kumzika paka.
Siku nzima alilala kifudifudi, akichota udongo kwa kijiko cha supu,
akiufuata mzizi mmoja
kama mtu anayetafuta pete chini ya kitanda.
Akaushusha mgongoni, umeviringishwa shuka la buluu
nililolipinda mwenyewe kingo zote nne.

"Usiuguse," alisema. "Bado una kizunguzungu."
Mwaka wa kwanza hatukuugusa.
Mwaka wa pili hatukuugusa.
Tuliupa maji, changarawe nyepesi za volkano, kivuli cha ukuta,
na kila asubuhi kaka yangu aliujulia hali mti
kabla ya kunijulia mimi.

Mwaka wa tatu kiharusi kilimkuta kiwandani, penye tanuri la chuma.
Kilichukua mkono wa kulia na karibu maneno yote.
Yaliyosalia: ndiyo, chai, subiri,
na tusi moja ambalo sitaliandika.

Basi ikawa mimi, Zdenka, fundi cherehani wa Jesenice,
miaka arobaini nikipinda magauni ya watu.
Sindano nazijua, nilijiambia.
Lakini hizi huota mbilimbili, ngumu, zimekaza,
na ukizing'oa kwa pupa mti hutoa utomvu siku nne,
vidole vikagandamana na kikombe, na kitasa, na uzi.

Juni machipukizi husimama wima kama mishumaa.
Ya kileleni, yenye kiburi, nayavunja nusu kwa kidole.
Ya chini, manyonge, nayaacha yale jua.
Mkasi ndio nauogopa.
Kwenye kitambaa nikikosea, nafumua.
Hapa hakuna kufumua.

Samaki mkunje angali mbichi, husemwa.
Nilikata kitawi kimoja, unene wa penseli,
nikahesabu pete zake kwa lenzi ya kukagulia nyuzi:
sitini na tatu. Kimenizidi miaka miwili.
Nikampelekea Vinko kitini pake.
"Samaki huyu amekauka zamani. Nani atamkunja?"
Akainua mkono wa kushoto, akaelekeza dirishani, mlimani,
kisha akaushusha kiganja polepole, polepole,
kama kitu kizito kinachotua bila kishindo.
Theluji, nadhani alisema.
Theluji haiulizi umri.

Novemba nililoweka rafia, nikalivika tawi la kushoto,
nikalizungushia waya wa shaba kwa mwinamo mmoja,
kama ninavyozungusha utepe kwenye kofia ya bibi harusi.
Nikalishika kwa mikono miwili.
Nikalipinda upana wa kucha. Nikapumua. Kucha nyingine.
Ya tatu ilikuwa tamaa.

Lililia kama mfupa wa kuku.

Vinko, nyuma yangu, akalitoa lile tusi,
zima, safi, kila herufi mahali pake,
nasi tukatazamana, kisha tukacheka hadi nikakaa chini.
Baadaye akasema, "Subiri."
Nikaubana mpasuko, nikaufunga,
nikaupaka mafuta mazito ya kuzuia upepo.
Usiku sikulala; nilisikia lile tawi kwenye goti langu.

Jumanne huja Alenka wa hospitali
kumkunja Vinko vidole, kimoja kimoja,
akihesabu hadi kumi. Sitazami. Natoka nje na koleo.

Mwishoni mwa Aprili nilikata waya vipande vipande
(kuufungua kwa kuuzungusha ni kuvunja mara ya pili)
nikakuta gome limevimba pale lilipopasuka,
mshono mnene, mbaya,
mshono ambao mteja angeurudisha.
Mbele yake vichipukizi vitano, vyeupe vyeupe.

Tawi halikushuka nilikotaka.
Limeshuka kiasi chake, likageuka kidogo upande wa barabara
kana kwamba linamsubiri mtu wa posta.
Nilibeba chungu hadi ndani, nikakiweka mezani mbele ya Vinko.
Akakitazama muda mrefu, kichwa upande.

"Chai," akasema.
Nikaenda kuchemsha maji.