Tikisa Finjani

Huku Ibra mgeni akitosheka hasemi.
Huitikisa finjani, mara mbili, kidogo tu,
na mwenye dele hufahamu, humpita, huenda kwa wa pili.
Ugonjwa huu haukulelewa na watu.
Tumetikisa, tumetikisa, vidole vimetuchoka,
nao umesimama juu yetu, unamimina.

Jumatatu ya Desemba, baridi imelala juu ya mitende,
nampeleka mama kituo cha afya
kwa sindano zake za mwaka.
Bi Ghaniya binti Seif, miaka sabini na nne,
amejifukiza udi kama anayekwenda harusini,
na barakoa yake inanukia karafuu
kwa kukaa mkoba mmoja nazo.

Nesi Bindu anauliza kwa Kiarabu chake cha Kerala:
ya mafua peke yake, au na ya korona?
Mama ananigeukia kwa Kiswahili, lugha yetu ya kusengenyea:
"Mwambie mimi si mto wa kuchomekea sindano."
Kisha anakunja mikono yote miwili ya kanzu.
"Huku mafua, huku korona. Wasije wakagombana njiani."

Tunakaa robo saa kwenye viti vya plastiki
kungoja kama mwili utalalamika.
Kijana wa pembeni anapiga chafya, anahimidi.
Mwaka ule, chafya moja ingeupasua ukumbi huu.
Leo wawili wanamwombea rehema,
na wa tatu anasogeza kiti,
ila anakisogeza kwa haya.
Ndiyo maisha tuliyobakiwa nayo:
dua, na kiti kusogea.

Usiku mama hana ubavu wa kulalia.
Amelala chali, anaitazama feni isiyozunguka.
Asubuhi mikono haiwezi kukanda unga.
"Kanda wewe," ananiambia,
halafu anaziona chapati zangu zina pembe,
anacheka mpaka anashika bega.

Na kicheko kinapokwisha, ndipo anapomtaja.

Baba hakuidiriki chanjo. Aliondoka Juni.
Walimzika wanaume wanne ndani ya nguo za plastiki,
Mubarak mwanawe akitazama kutoka garini, vioo juu.
Hitima tuliisoma kwenye simu,
kila mtu na juzuu yake, kila mtu na chumba chake;
mtandao ukakatika katikati ya Yasini,
tukanyamaza, tukamngoja shangazi wa Unguja arudi hewani.
Hatukupika. Nani angekula?

Finjani ya baba ina ufa mwembamba karibu na mdomo.
Mama aliitoa bakulini mwaka ule,
akaifunga kitambaa, akaificha nyuma ya sahani za Idi.
Majilisini tukanywea vikombe vya karatasi,
unakunywa chako, unatupa chako,
kahawa ina ladha ya gundi.

Sasa finjani zimerudi, lakini zinachemshwa.
Ami Harith akiwa na makamasi hukaa mlangoni,
mkono kifuani, salamu kwa mbali,
na hakuna amwitaye mwoga.
Zahir, mtoto wa dada, bado anasema chanjo ni biashara.
Mama humwacha amalize, humjazia kahawa.
"Sema, mwanangu. Mimi nimezika."
Zahir hakuchanja.
Lakini wiki iliyofuata nilimwona kituoni,
ameshika mkoba wa mamake, anamsubiri.

Ijumaa mikono imepoa.
Mama anafungua kabati, bila kuniambia kitu,
anaitoa kitambaani, anaimwagia maji ya moto mara tatu,
anaushikilia ufa ule kwa kidole gumba.
Nammiminia. Anakunywa.
Ya pili. Anakunywa.
Ya tatu, nasimama na dele mkononi,
naungoja mkono wake uitikise.

Hautikisi.
"Mimina," anasema. "Sijatosheka."