Kisanduku Kisichopata Moto

Bili ya umeme ilifika Januari.
Baba aliisoma, akaigeuza nyuma,
labda upande mweupe una habari njema.
Kikuza sauti chake cha taa, rika langu,
kilikula stima hata kilipokuwa kimya,
na juu ya bati lake la matundu, palipofuka joto,
alilala paka Mosterd, wa rangi ya haradali,
mkia ukining'inia mbele ya kitufe.
Kuongeza sauti, kwanza uuombe mkia.

Nikasema, nitakujengea kingine.
Baba, Wiebe mrekebisha vinanda vya makanisa
miaka arobaini, Harlingen hadi Dokkum,
aliuliza kama fundi amuulizavyo fundi:
cha daraja gani?

La D.

Usicheke. D hii siyo ile ya karatasi
inayofichwa chini ya godoro.
Kikuza sauti cha zamani ni bawabu mwenye huruma:
huushikilia mlango nusu wazi kutwa nzima,
na ni misuli yake inayopata moto.
Hiki changu hakijui nusu.
Fungua, funga, fungua, funga,
mara laki nne kwa sekunde moja,
na muziki ni hesabu tu ya muda mlango uliokaa wazi.
Mwishoni koili na kapasita huchuja makeke hayo
kama chujio la chai: majani yabaki, rangi ipite.

Moduli zilikuja mbili kwa posta,
kila moja upana wa kipande cha mkate,
nyepesi hata nikaikung'uta bahasha tena.

Banda la baiskeli, Februari. Mfereji umeganda,
wana wa Sjoukje wanateleza juu yake wakigombana.
Nilitoboa alumini; tundu la kwanza
likakosea milimita mbili, nikalibandika stempu ya bata.
(Bata yupo hadi leo.)
Lehemu ilikataa kutiririka, vidole vikawa vijiti,
nikapuliza ngumi, nikaanza upya.
Kukiwasha mara ya kwanza nilipitisha umeme kwenye balbu:
ikiwaka na kubaki, umeua kitu.
Ikawaka.
Ikafifia. Nikapumua.

Sebuleni, kabla ya muziki, baba akainua kidole.
Masikio yake yamepoteza shomoro na kengele ya mlango,
lakini sauti nzito zote bado ni zake.
"Sol," akasema. "Ya chini kabisa. Imepanda kidogo."
Ulikuwa mvumo wa umeme wa nchi nzima
ukipita ndani ya kazi yangu.
Nikazisokota pamoja nyaya mbili, nikauhamisha waya wa ardhi
kutoka skrubu hii hadi ile.
Sol ikakatika kama uzi.

Akaweka utepe aliourekodi mwenyewe,
kinanda cha kanisa la kijiji ambalo siku hizi
ni duka la mazulia.
Katikati ya zaburi akasimama, shingo imemwiva.
"Kanyagio la re linagonga ubao!
Miaka kumi na minne walinilipa nilitunze,
na sikuwahi kulisikia."
Akalitafuta daftari lake la kazi,
akaandika tarehe, akaandika: re, inagonga,
akapiga mstari chini yake mara mbili,
kana kwamba kesho atapanda baiskeli na bisibisi
kwenda kuinua mazulia ya watu.

Mosterd alirukia kisanduku kipya,
akaweka unyayo, akauondoa,
akanitazama kama mtu aliyeuziwa jiko bila mkaa.

Nilipopita usiku kuzima taa
kikuza sauti cha zamani kilikuwa kimerudi rafuni,
waya wake umekunjwa, plagi haina pa kwenda.
Juu yake baba ameweka mfuko wa mpira wa maji ya moto,
na juu ya mfuko, imejikunja yote,
haradali.