Herufi Arobaini

Shikuku mchoraji hulipisha kwa herufi:
shilingi ishirini, iwe I iwe W,
nukta ni bure.
Nina mia nane kwenye fundo la leso,
na kibao kilichokuwa mlango wa friji.
Basi nina herufi arobaini za kusema mimi ni fundi wa nini.

Hapa Bondeni, ubavuni mwa duka la mbegu,
upepo wa Menengai humwaga vumbi kwenye mashine,
na chenga za shaba huingia kwenye chai.
Miaka kumi na moja nainywa shaba.

"Andika MAGARI," anasema. "Sita tu, na ndizo zenye nyama."
Kweli. Lakini ufunguo wa gari siku hizi una ubongo,
na ubongo hufunzwa kwa kompyuta
yenye bei ya ng'ombe watatu wa maziwa.
Kijana wa kule barabara ya Kenyatta anayo.
Huvaa glavu. Hanuki mafuta.

SEFU ni nne, rahisi.
Nimefungua sefu moja maishani,
ya chama kilichokufa:
muhuri, risiti, peremende iliyoyeyuka.
Walinilipa kwa hundi. Hundi ikarudi.

NAKUJA USIKU, nikajaribu.
Akashusha brashi.
"Dada, hilo tangazo la mwizi."

Iko kazi isiyohitaji kibao.
Mzee Gathogo hupiga simu tarehe sita.
Ana vyumba ishirini na vinne Kaptembwa.
"Badilisha vitasa vitatu," husema,
kama mtu anayeagiza mayai.
Hulipa papo hapo. Karo ya mwanangu
imetoka humo, sitadanganya.

Machi, chumba namba tisa,
nakaza skrubu ya mwisho,
akaja msichana wa darasa la nne,
ufunguo shingoni kwa kamba ya kiatu.
Akaniamkia. Akangoja nimalize,
akidhani natengeneza.
Kisha akajaribu ufunguo wake.
Akaugeuza. Akaupuliza, kama watu wanavyopuliza,
akanipa mimi,
maana fundi ni mimi.

Nikaujaribu.
Mpya uko mfukoni mwangu, unanichoma paja,
nami nimeinama pale
naujaribu wa zamani,
kushoto, kulia,
kushoto.

Rangi inaanza kushika ngozi. Shikuku anangoja.
Andika FUNGUO, nikamwambia. Andika MILANGO.
Andika MASANDUKU, yale ya bati ya watoto wa bweni,
ambayo ufunguo wake hupotea kabla basi halijafika Salgaa,
na mkate, na sabuni, na siri zote zimo ndani.
Hamsini kwa sanduku. Januari nakula, Februari nafunga.

Na chini yake: SIMFUNGII MTU NJE.

Akahesabu kwa vidole. Kumi na tano. Mia tatu.
"Hiyo si kazi unayoifanya,
hiyo ni usiyoifanya.
Nani hulipia herufi za kazi asiyoifanya?"

Nikafungua fundo.

Zilibaki herufi tatu, shilingi sitini.
Tukaziagizia chai na mandazi, akala mawili yeye.
Kibao kinakauka, J imechuruzika kidogo.
Kesho kutwa ni tarehe sita.
Simu iko chajini kwa muuza mbegu,
na karo ya muhula wa pili
bado haijajua kusoma.