Jino la Bondeni

Ijumaa, baada ya sala, Muhanna ameingia
na matope makavu viatuni, akafunua kiganja:
"Baba, jino la joka."
Amelitoa bondeni, nyuma ya nyumba zetu hapa Alkhodh,
pale mvua ya juzi ilipokula ukingo
ikayaacha mawe yametoa macho.

Amenijia mimi, si mwalimu wake,
maana kazi yangu meno.
Miaka ishirini na miwili Ruwi, ghorofa ya pili, juu ya duka la miwani:
meno ya wazee wa Nizwa wanaotaka kuvunja lozi tena,
meno ya bwana harusi aliyegongwa na usukani,
magego, chonge, safu nzima za chini.
Jino la uongo nalijua. Halina historia.
Linatoka tanurini jeupe
kama mtu asiyewahi kukosana na mtu.

Hili limesagika.
Nimelipitishia ukucha, nikaliweka chini ya lenzi:
ufa mwembamba, kishimo cha maradhi,
upande mmoja umelika kuliko wa pili.
Mwenyewe alitafunia kushoto. Huenda kulia kulimuuma.
"Lilikuwa kinywani mwa kitu hai," nikasema. "Hilo naapa."

"Kwa hiyo joka?"

Nikamwambia nijualo.
Nyuzi mia tisa ndani ya tanuri langu kauri huiva,
lakini jino alilokupa Mungu ukilitia humo
halingoji ufunge mlango, linapasuka.
Basi mnyama wa kutema moto,
kikohozi kimoja cha asubuhi, meno kwisha.
Joka la moto, Muhanna, lingekuwa kibogoyo.
Lingeishi kwa uji.

Akacheka mpaka akakaa chini.
Kisha, bila kucheka:
"Kama bibi?"

Kama bibi.

Saa tatu za usiku mama yangu alikuwa akivua meno
(seti ya nne; ya tatu, alidai, ilimpigia mluzi kila akitaja Suri),
akayatia kwenye glasi iliyokuwa ya jamu,
akazima taa, kiyoyozi nacho akakiambia kinyamaze,
na hapo ndipo joka la Wete lilipoingia chumbani.
Vichwa saba, kila kimoja na jina lake,
cha nne kina mafua.
Lilimeza ng'ombe. Lilimeza kisima na ndoo yake.
Lilimeza barua zilizokuwa zikimngoja posta
tangu mwaka aliopanda meli.
Ufizi mtupu: maneno yalitoka laini, yenye mvuke,
yakapiga ukuta, ukuta ukawaka.
Wajukuu sita chini ya blanketi moja
walinusa nywele zikiungua.
Mimi mlangoni, mtu mzima, ufunguo wa gari mkononi,
nilirudi nyuma hatua.

Watu wa chuo kikuu wakija na brashi zao
watasema ni la papa, au la mjusi
mrefu kuliko nyumba yetu, mla majani. Nitawaamini.
Wao wana vipimo. Na mjusi mrefu kuliko nyumba
si kitu kidogo kuambiwa ukiwa unakunywa kahawa.

Lakini kabatini ninayo plasta ya kinywa cha mama,
juu na chini, tarehe kwa kalamu ya risasi.
Usiku huu nimelipachika jino la Muhanna baina ya taya zile.
Halikuenea. Imebidi niuache mdomo wazi.

Iko siku bonde litakula na kabati hili.
Watakuja wengine, na brashi nyingine,
wakae kitako wabishane: kiumbe huyu aliishi nchi gani,
alikula nini, mbona amefia na meno
ambayo hayakuota mwilini mwake?
Watapima taya, watahesabu magego.
Wataandika: umbo dogo. Mla vilaini. Hana madhara.

Na hakuna mfupa utakaowaambia
habari ya moto.