Kasha la Watu Wawili

Jumapili, Wrocław. Theluji imeganda kwenye kioo
kama ukoko ukingoni mwa sufuria.
Bogna ana kompyuta yake, mimi nina yangu,
tumekaa pande mbili za meza ya jikoni,
meza ambayo, kwa karatasi ya wakili, ni yake.

Samani tulizimaliza Ijumaa. Vitabu, jana.
Leo zimebaki nywila:
mia moja arobaini na tatu, kasha moja,
tulilolianzisha mwaka tuliohamia hapa
baada ya benki kunifungia nje mara ya tatu.
Nilikuwa na neno moja kwa milango yote ya dunia,
na neno lenyewe nimeliandika kwenye kalenda, mlangoni pa jokofu.

"Umeme?"
"Wako. Nyumba ni yako."
Anabofya. Mstari unatoka upande wangu
bila mlio, bila hata kukwaruza.

"Maktaba?"
"Ya kwako ina deni."
"Duka la mbegu?"
Tulinunua nyanya mara moja tu.
Zilichipua roshani, zikanyauka roshani,
akaunti ndiyo iliyostawi.

"Daktari wa Kluska."
Hakuuliza, alisoma tu.
Paka tulimzika Oktoba.
Nywila yake ina herufi ishirini na nne,
rangi ya kijani, *imara sana*,
hakuna mwizi wa karne hii atakayeivunja.
Hakuna aliyebofya.
Tramu ikapita chini, vikombe vikatetema,
tukaenda mstari unaofuata.

Hivi ndivyo kasha lilivyo: linajua nini,
halijui kwa nini.
Nyota, V kubwa, saba, alama ya mshangao,
takataka tupu iliyofinyangwa na mashine,
na nyuma yake tikiti za kwenda kwa mama yake Gdynia,
nyuma yake kitanda cha mtoto kilichokuja kikipungua skrubu mbili,
nyuma yake mshauri wa ndoa, saa moja jioni, mara nne.
Ya mshauri nimeifuta mimi. Hakusema kitu.

Ukabaki ufunguo wa kasha lenyewe.
Tuliupata kwa dadu, juu ya godoro lisilo na kitanda,
wiki ya kwanza, tukila tango la siki kutoka chupani:
*bata, kijiko, askofu, ukungu, ngazi.*
Usikariri maneno, alisema Bogna, yape kisa.
Basi bata alimwibia askofu kijiko,
akapanda ngazi, akapotelea ukunguni.
Miaka tisa nimeandika kisa hicho kila asubuhi
kabla ya kahawa, kabla ya kumsalimu mtu.

"Nitaubadilisha leo usiku," anasema.
"Sawa."
"Si kwamba sikuamini."
"Najua. Ndivyo inavyotakiwa."

Hapo Jagna akatokea na soksi mguu mmoja:
"Leo nani ananisimulia ya bata na askofu?"

Tukatazamana.
Siri ya siri zote, ambayo tuliapa
hatutaiandika popote, hatutaitamka kwenye simu,
tumeisimulia kila usiku taa ikiwa imepunguzwa,
na mtoto ameipeleka shule, ameichora,
askofu ana kofia ya zambarau,
mwalimu ameibandika ukutani.
Bogna akaanza kucheka, akaziba mdomo kwa kiganja,
nami nikacheka, na kwa muda wa kikombe kimoja cha chai
tulikuwa watu walioibiwa pamoja.

"Ya shule?" akauliza, akifuta macho.
"Hiyo tubaki nayo wote."

Sasa ni saa sita usiku. Chumba changu kipya
kina harufu ya rangi, na dadu ni za kukopa kwa jirani.
Nimerusha. Yametoka
*chumvi, msumari, shangazi, barafu, tisini.*
Nimeyapanga hivi, nimeyapanga vile.
Shangazi hataki kushika msumari.
Jumatano ni zamu yangu ya Jagna;
nitampa maneno haya matano, nione
yeye atamtuma wapi shangazi.
Halafu, bila shaka, itabidi nirushe upya.